Usije Mwezi wa Nane

Tarehe 2, mwezi wa kenda

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha jana mchana, na leo Bihambwe nzima, kijiji chetu, imeinama. Nikisimama mlangoni naona migongo tu, mlima huu na mlima ule, watu wanapanda maharagwe. Nasi tumepanda shamba la nyuma ya nyumba na lile la bondeni. Shamba la Rukundo hatukuligusa. Liko pale juu, udongo mweusi unaoshika mkono, na magugu yamenifika kiunoni.

Shule yangu haikufunguliwa. Madarasa yamejaa familia zilizokimbia kutoka upande wa Mweso, na ubao wangu wa darasa la nne umekuwa mlango wa jiko la mtu. Kwa hiyo nina madaftari ya kuandalia masomo na sina masomo. Nitaandika humu.

Rukundo ni mume wangu. Alikufa mwaka wa tatu sasa, kwenye kisiwa cha Wagiriki kinachoitwa Askonisi. Alikuwa anaosha vyombo kwenye mgahawa, na baridi ikiisha anapaka nyumba za watu chokaa kabla watalii hawajaja. Aliteleza kwenye paa. Walimzika hukohuko, sisi tukatumiwa picha ya sanduku lililofungwa.

Kwetu, kilio hakimalizwi mpaka mtu wa ukoo afike kaburini na kusema kwa mdomo wake kwamba amemwona marehemu alipolala. Hapo mama wa marehemu ananawa mikono, anapewa jembe, anapanda mbegu ya kwanza kwenye shamba la mwanawe. Mama mkwe wangu, Nyirabagenzi, hajanawa mpaka leo. Nani angefika Askonisi?

Tarehe 3

Mvua.

Tarehe 6

Shemeji Mbonigaba amekuja na hasira zake. Hakukaa. Alisimama katikati ya ua na buti zake za tope.

"Mama, bantu yote banapanda. Shamba ya Rukundo iko inakufa, na mwenyewe alishakufa. Kama kufika Noeli haiko na mbegu, mie naachia ngombe za Sebarenzi ziingie. Yeye anaitaka tangu zamani."

Sebarenzi ana ng'ombe wengi kuliko nywele zangu, na ng'ombe wakishaingia kwenye shamba la mtu hawatoki tena. Kétsia wangu ana miaka minane. Shamba hilo ndilo kitu pekee alichoachiwa na baba yake.

Mama mkwe aliendelea kuchambua maharagwe kama vile aliyesema ni redio ya jirani. Mbonigaba alipoondoka, ndipo akaniuliza: "Umurerwa, kule kwa Bagiriki, bantu beusi beko bengi?"

Nikasema sijui.

"Beko bengi," akajijibu mwenyewe, akaendelea na ungo wake.

Mwanamke huyu ananichosha. Kanisani anaimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya, halafu nyumbani anakalia desturi za mababu kama kuku anayeatamia. Mchungaji amemwambia mara ngapi kwamba Mungu hahitaji kaburi? Anaitikia "amina", anarudi, haoshi mikono.

Tarehe 9

Leo nimepata ujumbe wa Léontine. Ni binti wa baba mdogo wa Rukundo, yuko Liège, Ubelgiji, anafanya kazi ya usafi. Simu yangu huwa naiacha dukani kwa Mumbere, Mnande mwenye pano ya umeme wa jua, ndiye anayechajia simu za centre nzima. Alinipa simu huku anatabasamu: "Mama Kétsia, Ulaya imekuita."

Léontine anasema amepewa konje, ruhusa ya kazini, ya siku kumi mwezi wa kumi, na anataka kwenda Askonisi. Nilisikiliza mara mbili. Halafu akaanza kulia humohumo kwenye sauti: "Ndege ya Athènes iko bei ya chini, ile sina shida. Lakini niliangalia ile kisiwa kwenye internet, dada. Kulala usiku moja tu ni kama loyer ya nyumba yangu ya mwezi! Na bantu beko kule kama siafu. Nifanye aje?"

Sikuwahi kumpenda Léontine. Rukundo alipokufa alituma picha ya mshumaa, na siku mbili baadaye picha yake mwenyewe na wigi jipya. Lakini leo nilijikuta namjibu kama mama yake.

"Usiogope. Ile njia mie naijua."

Tarehe 10

Kweli naijua. Sijawahi kuona bahari, na Goma kwenyewe nimefika mara za kuhesabu, lakini Askonisi naweza kutembea nimefumba macho. Miaka miwili Rukundo alinitumia sauti karibu kila Jumapili, na kila sauti ilianza vilevile: "Umu, siku utakuya..." Hakuwa mtu wa kusema nakupenda. Alikuwa mtu wa kusema panda basi gani.

Ya kwanza ilikuwa hii: "Umu, siku utakuya, usikuye mwezi ya munane. Mwezi ya munane hata kivuli iko na bei."

Leo nimeketi kwenye benchi la Mumbere na kumrekodia Léontine mafunzo ya kwanza. Mwezi wa kumi umechagua vizuri, meli kubwa za watalii zimepungua na bahari bado haijawa na hasira. Ukifika bandari ya Pirée, usipande chombo cha mbio. Kinakula fedha mara mbili na utatapika njia nzima. Panda ile meli kubwa ya polepole inayobeba malori. Kata tiketi ya kukaa juu, penye upepo, usilipie chumba, na ubebe blanketi. Beba mkate na mayai ya kuchemsha kutoka mjini, maana ndani ya meli chai ni ya matajiri.

Mumbere alikuwa anasikiliza. Akaniuliza: "Mama, weye ulisafiri kule lini?"

Nikamwambia nyamaza uuze sukari.

Tarehe 13

Jua. Tumepalilia bondeni.

Tarehe 15

Mafunzo ya pili. Meli ikifika, watu wenye vibao vya majina ya hoteli watakuzunguka. Pita katikati yao kama uko na haraka. Basi la serikali liko nyuma ya ofisi ya tiketi, kondakta unamlipa ndani, na uwe na sarafu maana noti kubwa zinamkasirisha. Usilale mji wa juu ya jabali, ule wenye nyumba nyeupe za kwenye picha. Kule unalipia macho. Lala upande wa pili wa kisiwa, kijiji cha ndani wanakolala walimu na madereva wa mabasi. Hakuna bahari dirishani, lakini kuna usingizi.

Léontine alijibu anacheka: "Kumbe Rukundo alikuwa na akili hivi! Na viatu je? Niko na zile za juu, za ngozi, nzuri kabisa."

"Léontine, unaenda kwa kaburi ao kwa karamu ya mariage? Mawe ya kule yanateleza. Vaa raba."

Baada ya kusema "yanateleza" nilimrudishia Mumbere simu. Megabaiti zangu zilikuwa bado hazijaisha.

Tarehe 20

Nitaandika jambo ambalo siwezi kumwambia mtu. Sitaki kilio kiishe. Kilio kikiisha, Mbonigaba atakuja na wazee kuuliza kama nabaki kwenye ukoo ao narudi kwetu, na hakuna atakayetaja tena jina la Rukundo isipokuwa wakati wa kugawana kitu. Sasa hivi angalau yuko katikati ya nyumba, kama mgonjwa. Nikimweleza Léontine habari za basi, ninamsikia Rukundo mdomoni mwangu, na siku hiyo napika vizuri.

Mimi namlaumu mama mkwe kwamba amekataa kunawa. Na mimi je?

Tarehe 24

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Barabara ya kwenda Masisi centre imekatika, malori yamelala matopeni. Chumvi imepanda bei.

Tarehe 28

Mafunzo ya chakula. Mgahawa wenye picha za sahani ubaoni na kijana anayekuita kwa lugha tano, kimbia. Nenda kwa mwoka mikate, asubuhi, uombe mkate wa majani. Rukundo alisema ni kama lengalenga yetu, mchicha, iliyofunikwa shuka. Maji ya bomba usinywe, yana chumvi. Nunua chupa kubwa dukani, si karibu na kanisa la buluu, pale maji yanauzwa kama manukato.

Na saa za kutembea: meli za watalii zinamwaga watu asubuhi, zinawachukua jioni. Wewe toka jua linapochomoza ao baada ya wao kuondoka. Katikati ya hapo njia zote nyembamba zinajaa, watu wanasimama kupiga picha za mlango wa mtu. Jua la kuzama kila mtu anakwenda kulitazama sehemu moja, wanasukumana. Rukundo alisema alipata mahali pake, ukuta wa chini karibu na makaburi. "Jua ni lilelile, Umu, na hakuna mutu."

Nilituma mpaka neno "makaburi", nikashindwa kuendelea.

Baadaye nilimweleza mama mkwe kwamba maandalizi yanaenda vizuri, kwamba Léontine atamfikia. Nilidhani atafurahi. Aliniangalia kama niliyemletea habari mbaya, akasema: "Kama hatamupata je?"

"Atamupata, Mama. Jina liko kwenye msalaba."

"Majina iko mingi," akasema, akatoka kwenda kufunga mbuzi ambao walikuwa tayari wamefungwa.

Tarehe 5, mwezi wa kumi

Maharagwe ya bondeni yameota. Kétsia anayahesabu kama darasa lake. Mbonigaba alipita juu, kwenye shamba la kaka yake, na mtu wa Sebarenzi, wakapima kwa hatua. Walijua ninawaona.

Tarehe 11

Léontine ameondoka. Sauti yake ya mwisho ilikuwa kutoka uwanja wa ndege: "Dada, niko na raba. Niko na blanketi. Niko na mayai. Bazungu banashangaa harufu."

Nilicheka mpaka Mumbere akatoka dukani kuangalia.

Tarehe 12

Hakuna rezo.

Tarehe 13

Hakuna rezo. Milio ya bunduki ilisikika mbali, upande wa Ntoto, kisha ikanyamaza. Mumbere anasema antena ya simu imezimwa, hajui itawashwa lini. Mvua.

Tarehe 14

Hakuna.

Tarehe 15

Hakuna. Mama mkwe hali chakula. Nimemwambia Léontine ni mtu mzima, hapotei. Akasema: "Sifikiri Léontine." Nikafikiri anamfikiria Mungu.

Tarehe 16

Rezo imerudi karibu na saa sita. Simu ilitetemeka kwenye meza ya Mumbere mpaka ikataka kuanguka. Nimesikiliza sauti moja baada ya nyingine, na hata sasa kichwa changu kina kelele za watu wa kule.

Meli ya malori: kweli. Upepo: kweli, blanketi limemwokoa, na mwanamke mmoja Mgiriki alikula yai lake moja, wakawa marafiki. Wenye vibao: kweli. Basi nyuma ya ofisi, kondakta mkali: kweli. Amelala kijiji cha madereva, kwa mjane mmoja, bei ambayo hata yeye hakuamini. Mkate wa majani: "Dada, ni lengalenga kabisa!" Alienda mji wa juu asubuhi mapema, akapita peke yake na paka, na aliporudi mchana njia ilikuwa imejaa hadi akatembea kwa ubavu. Kila kitu kama Rukundo alivyosema. Nilisikia fahari. Nilimwangalia Mumbere kama vile kisiwa ni changu.

Kisha sauti ya jana. Léontine alikwenda kwenye mgahawa aliokuwa anafanya kazi. Binti wa mwenye mgahawa anajua Kifaransa, alimpokea vizuri, akalia. Léontine akaomba kuona chumba cha Rukundo.

Rukundo aliniambia chumba chake kiko juu ya mgahawa, kina dirisha linaloangalia bahari. Kila Jumapili aliniambia bahari ya siku hiyo ina rangi gani. Nilijua dirisha hilo kuliko la kwetu. Nilishachagua upande wa kitanda nitakaolala.

"Dada," Léontine alisema polepole, "haiko juu. Iko nyuma ya cuisine, kule banapikia. Ni depo ya vitunguu na chupa za gazi. Haiko na dirisha."

Nilizima simu nikapanda nyumbani bila kumuaga mtu. Nimemkasirikia Rukundo, kwa mara ya kwanza tangu afe. Angesema vitunguu! Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya udongo, nimelala na mbuzi mwaka wa vita, ningemcheka kwa vitunguu? Alitoka kazini, akasimama barabarani na mikono inayonuka sabuni, akaangalia bahari ya watu wengine, akaniletea rangi yake. Na mimi nikimwambia, "Una bahati." Nilimwambia hivyo! Nilimwambia una bahati, sisi huku tunalala na matope.

Nimelia mpaka Kétsia akaniletea maji bila kuuliza.

Tarehe 17

Asubuhi nilishuka kumaliza ujumbe niliouacha, na ndipo nilipokuta ule mkubwa, ulioingia asubuhi hiihii.

Léontine amefika makaburini. Ni uwanja mdogo wenye ukuta mweupe, na ndani makaburi yamebanana hata huwezi kupita bila kugusa msalaba. Bibi mmoja, Stamatia, ndiye anayewasha taa za marehemu. Miaka yote mitatu amekuwa akiwasha na ya Rukundo, kwa mapenzi yake tu, kwa sababu marehemu alimpakia ukuta wake chokaa akakataa kulipwa. Lakini kisiwa ni kidogo. Kule, anayezikwa hukaa miaka mitatu ardhini, kisha anatolewa, mifupa inaoshwa kwa divai, inawekwa kwenye sanduku dogo na jina, na mwingine analazwa mahali pake. Si adhabu. Hata matajiri wao wanafanyiwa hivyo, na ndugu wanakuja na mishumaa. Hata wafu wamejaa kule, hata wao wanapisha.

Zamu ya Rukundo ni kesho. Stamatia alikuwa anajiandaa kumwosha yeye mwenyewe, kwa kuwa hana mtu. Sasa ameona mtu amekuja, amefurahi. Amempa Léontine kitambaa cheupe.

"Dada, minaogopa. Kwetu hatugusake mifupa ya muntu. Mutu akigusa, laana inaingia mu ukoo. Lakini kama nakataa, nitakuwa nilikuya kufanya nini? Uliza Mama. Kesho asubuhi nitapiga simu, Mama aseme mwenyewe."

Nilimweleza mama mkwe jikoni, nikichagua maneno kama mtu anayepita juu ya mayai. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Aliuliza: "Banamufungua? Bataona yeye mwenyewe?"

"Mifupa, Mama."

"Tutashuka kesho," akasema.

Tarehe 18

Nimekaa chini na daftari hili kwa sababu mikono yangu inahitaji kazi.

Tulishuka asubuhi, mama mkwe na fimbo yake, mimi, na Mbonigaba ambaye alijialika. Njia ilikuwa tope. Mumbere alitoa watu dukani, akatupa benchi, akaweka simu juu ya gunia la mahindi na kuifungua sauti ili sote tusikie. Mama mkwe alikaa na kitambaa chake cha kanisani, wima kabisa, kama anayepigwa picha.

Simu ililia. Upepo kwanza, kisha Léontine.

"Mama, ni mie. Banamutosha mu udongo. Iko hapa mbele yangu, mu kitambaa. Stamatia iko na divai mu beseni. Niseme nini?"

Mbonigaba aliruka. "Asiguse! Aache bo bafanye kazi yabo. Ile kitu akigusa, ni sisi tutalipa."

Mama mkwe aliinua mkono, naye akanyamaza.

"Léontine. Siku alikufa, nani alimuosha?"

"Sijui, Mama. Bantu ba hôpital."

"Bantu ba hôpital," alirudia. Alivuta pumzi. "Basi osha, mwana wangu. Laana nitaibeba mie. Anza na kichwa. Weka mukono moja hapa kwenye paji, ile maji isiingie mu macho. Hapendake maji mu macho. Atakulilia mpaka majirani bakuye."

Tulisikia maji. Mumbere alivua kofia. Léontine alikuwa analia lakini mikono yake haikusimama, ulisikia beseni. Mama mkwe akaendelea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mwanamke kijana, akimwongoza polepole: nyuma ya masikio, kule uchafu unajificha. Shingo. Mabega sasa. Mkono huu, mkono ule, na kidole kimoja kimoja, usivute. Léontine aliitikia kila kimoja, "ndiyo, Mama", "nimemaliza, Mama". Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi. Kwa muda nilisahau kwamba ni mifupa. Alikuwa mtoto, kwenye beseni, na mama yake anamwogesha kabla ya kanisa.

Kisha sauti yake ikabadilika.

"Sasa mguu ya kushoto. Ile mufupa ya chini ya goti. Iangalie muzuri. Uniambie, iko sawa ao haiko sawa?"

"Mama?"

"Angalia tu."

Nilimgeukia. Alikuwa amefumba macho na midomo inatembea. Nilimjua mama mkwe akiomba. Anaomba kwa mikono juu na kwa kelele. Huku kulikuwa kuomba kwingine. Nikakumbuka kile alichowahi kunionyesha Rukundo tulipooana, akicheka, nikaelewa anachoomba. Akiwa na miaka kumi Rukundo alishuka mteremko wa Bihambwe juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao, iliyojaa viazi, ikamshinda, mguu ukavunjika, na mganga wa mifupa aliufunga ukapona umepinda. Mama mkwe alikuwa anaomba Léontine aseme uko sawa. Anaomba mguu wa mtoto wa mwanamke mwingine.

Watu weusi kule ni wengi. Majina ni mengi. Sanduku lilikuwa limefungwa. Yote aliyokuwa akisema yalikuja kwangu kwa pamoja.

Léontine alikawia. Tulisikia kitambaa kikifuta.

"Haiko sawa, Mama. Iko na kifundo, hapa katikati. Ilivunjika zamani ikaunganika. Imepinda ndani kidogo."

Mama mkwe alifungua macho.

"Ni yeye," akasema.

Alisema taratibu, kama anayemjibu mtu mlangoni. Halafu alishuka kutoka kwenye benchi hadi sakafuni, akashika gunia la mahindi kwa mikono miwili, na sauti iliyomtoka iliwasimamisha watu waliokuwa barabarani na waliokuwa juu ya milima. Miaka mitatu tulikuwa tunamlaumu kwamba hataki kumaliza kilio. Hakuwa amekianza. Alikuwa anamngojea mwanawe arudi, peke yake, katikati yetu sisi tuliokuwa tunagombana juu ya shamba. Nililala chini pembeni yake kwenye unga na vumbi la duka, nikamshika kiuno, tukalia na mama wa mume wangu kama tulioletewa maiti.

Mbonigaba alikuwa ameegemea ukuta, uso ndani ya kofia. Alipopata sauti alitoka nje, akasimama barabarani, akawaita waliokuwa wanapalilia upande wa pili: "Muweke majembe chini! Kaka yangu amekufa!"

Na watu wakaweka majembe chini, mlima mzima, kama ndiyo kwanza habari inafika.

Tarehe 19

Moto wa matanga uko katikati ya ua. Mbonigaba ndiye aliyepasua kuni, na amemtuma mtu kwa Sebarenzi kumwambia asituletee tena habari za ng'ombe. Majirani wameleta viazi na mikeka. Hakuna anayelima, na matanga yakiisha wakati wa kupanda utakuwa umepita. Shamba la mlimani litalala tena msimu huu. Hakuna aliyelalamika, hata mimi.

Mama mkwe amelala na kichwa juu ya mapaja yangu, na Kétsia juu ya miguu yake. Ameamka mara moja tu, akaniuliza kama divai haichomi macho. Nikamwambia haichomi.

Léontine ameandika. Sanduku limewekwa ndani, kwenye kijumba cheupe, Stamatia ameandika jina kwa herufi zetu, na yeye, Léontine, ameketi kwenye ule ukuta wa chini peke yake mpaka jua likazama. Anasema ni zuri, dada, ni zuri sana, na hakuna mtu. Kesho lazima arudi Ubelgiji. Anauliza: basi la kurudi bandarini linapita wapi asubuhi, na ni meli gani ya bei ya chini ya kurudi?

Tangu alfajiri nimekaa pembeni ya moto na simu sikioni, namtafutia. Nimesikiliza ujumbe wote wa Rukundo, miaka miwili, Jumapili kwa Jumapili. Wote ni wa kuja. Hakunieleza hata siku moja mtu anatoka vipi kule.